Kamera mbili za mwaka 2007 na picha zetu za mpakani

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na nimechagua kujibu swali linalorudi kila tukikaa kwenye mafunzo ya picha: kati ya zile kamera mbili ndogo za kikundi, Canon na Sony, ipi ni bora?

Wengine wanacheka. Wanasema zote ni za kutupa, simu inatosha. Wengine wamesikia kwamba siku hizi vijana wa Nairobi, Kampala na hata ng'ambo wanazitafuta tena kamera za namna hii kwa sababu wanapenda rangi zake, kwa hiyo wanauliza tukiziuza tutapata ngapi. Mimi naona swali ni zuri, lakini huwezi kulijibu kwa kushika kamera mkononi tu. Hizi zote mbili ni kamera za mwaka 2007. Mwaka huo ulipokuwa unaisha, maelfu ya watu walianza kuvuka mpaka wa Busia na Malaba wakikimbia, na baadhi yetu tulikuwa ndani ya msafara huo. Yaani historia ya kamera hizi na historia yetu zinaanzia karibu mahali pamoja.

MPAKA NA PICHA KABLA YA DIJITALI

Kwa wale ambao hamjapita huko: Busia ni kama mji mmoja wenye nchi mbili. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na watu wanavuka kwenda sokoni na kurudi. Ukielekea kaskazini kuna Malaba, nayo pia ina upande wa Kenya na upande wa Uganda. Malaba ya Uganda iko wilaya ya Tororo. Mji wa Tororo wenyewe unautambua kutoka mbali kwa sababu ya ule mwamba mkubwa. Hata neno boda boda linasemwa lilizaliwa kwenye mpaka huu miaka ya 1960, pale watu wa baiskeli walipokuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita kwa sauti "boda, boda!"

Mahali penye mpaka hapakosi picha. Mtu anataka kibali cha kusafiri, mtu anataka kitambulisho, mtu anaandikisha mtoto shule ya ng'ambo, wote wanaambiwa lete picha mbili. Ndiyo maana studio ndogo za picha huwa karibu na ofisi za mpakani. Zamani studio hizo zilitumia filamu. Filamu moja ilitoa picha 24 au 36, basi. Mpiga picha alingoja filamu iishe, akaipeleka kuoshwa, na wewe ukarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha yako.

Katika utaratibu huo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kila picha ilikuwa na gharama, kwa hiyo ulipigwa mara moja tu na ukaambiwa usipepese macho. La pili, ile negativu ilibaki kwa mpiga picha. Ukipoteza picha yako unarudi kwake, anatafuta kwenye bahasha zake, anakuoshea nyingine. Studio ilikuwa kama benki ya sura za watu wa mji. Hakuna aliyeita kazi hiyo historia, lakini ilikuwa historia.

DIJITALI ILIVYOFIKA

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kushikwa mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia anayeitwa Steven Sasson, akifanya kazi kwenye kampuni ya Kodak huko Marekani. Haikuwa ndogo hata kidogo. Picha yake haikuwa na rangi, ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuihifadhi kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kaseti kabisa, zile za muziki! Miaka 20 baadaye, mwaka 1995, Casio wakatoa kamera inayoitwa QV-10, ambayo ilikuwa na skrini ndogo nyuma. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kuona picha yao papo hapo bila kungoja kuosha.

Kufika mwaka 2007, kamera ndogo ya kawaida ilikuwa inatoa picha yenye nukta zaidi ya milioni 7. Hiyo ndiyo megapikseli 7 inayoandikwa kwenye uso wa kamera. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, Safaricom walianzisha M-Pesa. Nataja hilo mkumbuke ni enzi gani: watu walikuwa na simu, lakini simu nyingi mikononi mwa watu zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe mfupi. Zilizokuwa na kamera zilitoa picha yenye ukungu ambayo usingeweza kuibandika kwenye fomu. Aliyetaka picha ya maana alihitaji kamera.

KAMERA ZETU MBILI

Ya kwanza ni Canon PowerShot A560. Hii tuliachiwa na mfanyakazi mmoja wa shirika aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Ya pili ni Sony Cyber-shot DSC-W55. Hii niliinunua mimi kwa hela za kikundi kutoka kwa muuza vitu vya mitumba Busia, nilipokwenda huko kufuatilia karatasi za familia.

Ukiziweka pamoja kwenye meza, Sony inapendeza zaidi. Ni nyembamba, inaingia mfuko wa shati. Canon ni nene upande wa kushikia kwa sababu betri zinakaa pale, inaonekana kama kamera ya mwalimu mkuu. Lakini ndani zimekaribiana sana. Kile kichipu kinachopokea mwanga kina ukubwa uleule katika zote mbili, na picha kubwa kabisa ya kila moja ni nukta 3072 kwa 2304. Ukizidisha unapata kama milioni 7. Skrini zina upana sawa, inchi 2.5. Zote zina kile kitundu cha kuchungulia kwa jicho, kitu ambacho simu haina, na jua likiwa kali hicho kitundu ndicho kinakuokoa. Kwenye kuvuta kilicho mbali, Canon inavuta mara 4, Sony mara 3.

Je, milioni 7 zinatosha? Zinatosha. Printa nzuri inaweka nukta 300 kwa kila inchi. Gawanya 3072 kwa 300, unapata inchi 10 na kidogo. Kwa hiyo picha ya kamera hizi inaweza kujaza karibu ukurasa mzima wa daftari kubwa bila kuharibika. Picha ya pasipoti ni ndogo sana kuliko hapo. Mtu akikuambia lazima uwe na megapikseli 50 ili upige picha ya kitambulisho, anakuuzia kitu.

Basi kama picha ni sawa, tofauti iko wapi? Tofauti iko kwenye vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye tangazo: betri, kadi, na waya. Ili muone kwa nini navisisitiza, turudi kwenye mwaka ule.

MPAKANI, JANUARI 2008

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na vurugu zikasambaa. Kabla ya viongozi kutia sahihi makubaliano tarehe 28 Februari 2008, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Wengi walibaki ndani ya Kenya. Lakini maelfu walivuka kuingia Uganda, kupitia Busia na Malaba hasa. Wengine walilala kwa jamaa, wengine shuleni na kanisani. Baadaye waliobaki walipelekwa kituo cha muda cha Mulanda, wilaya hiyohiyo ya Tororo, wakakaa kwenye mahema. Na katika mwaka 2008 wengi wao wakasafirishwa hadi Kiryandongo, makazi ambayo tangu 1990 yalikuwa ya wakimbizi waliotoka kusini mwa Sudan. Hiyo ndiyo njia tuliyopita sisi. Mimi nilikuwa na miaka saba.

Sasa fikiria wewe ni mpiga picha pale Mulanda, kamera ni mpya, watu wamepanga foleni. Una siku nzima na huna soketi ya umeme.

Ukiwa na Sony, una betri moja nyembamba ya lithiamu ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kamera za Sony. Ni betri nzuri, nakiri. Ikijaa inapiga picha mia kadhaa. Lakini ikiisha, imeisha. Lazima uitoe, uiweke kwenye chaja yake yenyewe, uchomeke ukutani. Chaja ikipotea safarini, kamera inakuwa jiwe.

Ukiwa na Canon, unahitaji betri mbili za AA, zile za rimoti ambazo wengi tunaita mawe. Kila kioski kinachouza sabuni na kibiriti kinauza mawe. Lakini hapa pia tusidanganyane. Yale mawe ya bei rahisi kabisa hayafai kwa kamera. Unawasha, lenzi inatoka, inaandika badilisha betri, inazima na lenzi bado iko nje. Unahitaji za alkali, ambazo ni ghali kidogo, au zile za kuchaji. Za kuchaji ndizo bora zaidi, na chaja yake unaweza kuitumia kwa tochi na redio pia.

Kwa hiyo siku ya kwanza, Sony inashinda. Wiki ya pili, Canon inashinda. Baada ya miaka kumi, hakuna mashindano tena, kwa sababu mawe ya AA bado yako dukani, na ile betri ya Sony inabidi uitafute kwa kuulizia mtu hadi mtu, na ukipata ni ya kuiga ambayo huijui.

KADI NA WAYA

Sony walianzisha kadi yao, Memory Stick, mwaka 1998. Mwaka uliofuata, 1999, kampuni tatu, yaani SanDisk, Panasonic na Toshiba, zikaungana kutoa kadi ya SD. SD iliachiwa kampuni nyingi kuitumia. Memory Stick ilibaki zaidi nyumbani kwa Sony. Kwa miaka kama kumi mtu aliyenunua kamera ya Sony alilazimika kununua kadi ya aina hiyo, hadi mwaka 2010 Sony wenyewe walipoanza kutoa kamera zinazokubali SD pia. Hapo mchezo ulikuwa umekwisha.

Kwenye duka la simu hapa kwetu leo, ukitoa kadi ya SD fundi anaichomeka tu kwenye kisoma kadi. Ukitoa Memory Stick Duo anaigeuza geuza kama sarafu ya nchi nyingine. Waya ni hivyohivyo. Canon ina tundu la mini-USB, lile la redio ndogo na simu nyingi za zamani, unaweza kuazima waya kwa jirani. Sony ina tundu lake peke yake.

Canon nayo ina mpaka wake, msije mkanunua kadi mkapoteza hela. Kadi kubwa za siku hizi, za GB 64 na kuendelea, kamera za umri huu hazizisomi. Tafuteni ya GB 2, au 4, au 8. Kwa picha za ukubwa wa juu kabisa, GB 2 inachukua picha mia kadhaa. Inatosha sherehe nzima na mazishi juu.

Hapa ndipo naona somo la historia lenyewe. Vitu vya kampuni moja vinaweza kuwa vizuri sana siku ya kununua. Lakini mkimbizi hanunui kitu kwa ajili ya siku ya kununua tu. Anahama. Anafika mahali ambapo duka ni lingine, fundi ni mwingine, lugha ni nyingine. Kitu kinachotumia sehemu za watu wote kinahama naye. Kitu kinachotumia sehemu za mwenyewe tu kinabaki njiani.

USO WA MTU MWEUSI MBELE YA HEMA JEUPE

Kuna jambo moja ambalo kamera zote mbili zinakosea sawasawa, na wapiga picha wetu wa usajili wanalijua bila kujua jina lake.

Tangu zamani kamera na filamu zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak walikuwa wanapelekea maabara za kuosha picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hiyo ikaitwa Shirley. Fundi alirekebisha rangi hadi Shirley apendeze. Sisi tukatokea vyovyote tutakavyotokea. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka mingi baadaye.

Kamera ya dijitali haina Shirley, lakini ina tabia nyingine. Inaangalia picha nzima na kujaribu kuifanya isiwe na mwanga mwingi wala mdogo. Sasa sisi picha zetu tunapigiwa mbele ya nini? Mbele ya turubai jeupe, au shuka jeupe, kwa sababu fomu inataka nyuma pawe peupe. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Turubai linakuwa la kijivu na uso unakuwa mweusi, macho hayaonekani. Halafu mtu anarudishwa, ati picha haifai, na amefunga safari ya nusu siku.

Dawa iko ndani ya kamera. Zote mbili zina sehemu ya kuongeza au kupunguza mwanga, yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mkiwa mbele ya kitu cheupe, jumlisheni: anzeni na theluthi mbili, kama bado ongezeni hadi 1. Msimamishe mtu kivulini, lakini aangalie upande wenye mwanga. Msitegemee flashi, inang'arisha kipaji cha uso na kuacha mashavu gizani. Hili nimelifundisha kwa vijana wawili na siku hiyohiyo picha zao zikakubaliwa. Si kamera mpya iliyohitajika.

PICHA KUMI NA MOJA

Hadi hapa Canon imeshinda kwa kila kitu kinachodumu. Lakini nina deni la kuwaambia habari ya ile Sony.

Sony W55 ina kumbukumbu ndogo ndani ya mwili wake, MB 56, mbali na kadi. Canon yetu haina. Ukiweka kadi, Sony haikuonyeshi vilivyomo ndani. Ukitoa kadi ndipo inaonyesha. Wengi walioitumia hawakujua hilo, wakapiga picha siku kadi ilipojaa au ilipopotea, wakasahau.

Tuliponunua ile Sony nilitoa kadi, nikabonyeza kitufe cha kuangalia picha. Zilikuwemo picha kumi na moja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wazee wawili wameketi kwenye kigogo. Watoto wamepanga mstari, mmoja ameshika kikombe cha plastiki. Nyuma yao mahema meupe na miti. Hakuna jina, hakuna kibao. Mama yangu alizitazama kwa muda mrefu, akasema mahema yanafanana na ya Mulanda na miti pia, lakini watu hao hawajui. Mahema ya wakimbizi yanafanana kila mahali. Inaweza kuwa Mulanda, inaweza kuwa kwingine kabisa.

Tukaangalia tarehe. Kila picha kamera huificha ndani yake siku na saa. Picha zote kumi na moja zimeandikwa 1 Januari, na saa ni usiku wa manane, saa sita na dakika kadhaa. Lakini ndani ya picha jua limewaka na vivuli ni vifupi. Maana yake ni kwamba saa ya kamera ilikuwa imejifuta. Kamera hizi zina kibetri kidogo ndani cha kutunza saa. Betri kubwa ikikaa muda mrefu bila kuwekwa, hicho nacho kinaisha, na kamera ikiwashwa tena inaanza kuhesabu kutoka mwanzo, kama mtu aliyezimia. Kwa hiyo tunaweza kujua kitu kimoja tu: kabla ya picha hizi, kamera ilikuwa imekaa bila chaji. Siku yenyewe hatuijui.

Kwa mtu mwingine tarehe ni pambo. Kwetu tarehe ni ushahidi. Ulifika lini? Mtoto huyu alikuwa na umri gani? Mlikuwa pamoja na mama yake wakati huo? Ninyi mnaofanya kazi za ulinzi wa watoto mnajua jinsi swali kama hilo linavyoweza kubadilisha faili la mtu. Picha yenye tarehe sahihi inaweza kusema kitu pale ambapo mtoto hakumbuki. Picha yenye tarehe ya uongo inaweza kumtia mtu mashakani bila kosa lake.

Kikundi kilikaa kuzungumza: tuziweke mtandaoni ili watu wajitambue? Tukakubaliana hapana. Watu wale hawakutupa ruhusa sisi. Hatujui walikuwa wanamkimbia nani, na kama huyo mtu bado yupo. Tumezinakili kwa waya, tumeziweka kwenye flashi diski mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti, na tumeoshea nakala moja ya karatasi. Mtu anayedhani anaweza kuwajua aje azione kwa macho.

Lakini tazameni kitendawili chenyewe. Kamera iliyofungwa, yenye betri ngumu kupatikana na waya wake peke yake, ndiyo iliyotunza hizo sura. Kama ingekuwa Canon, kadi ingetolewa, ikauzwa, ikafutwa, ikajazwa nyimbo. Sisemi Sony ilikusudia. Nasema tu kwamba historia wakati mwingine inabaki kwa bahati, mahali ambapo hakuna aliyeiangalia.

KWA HIYO IPI NI BORA?

Kwa kazi za kikundi, yaani picha za fomu, mahafali, michezo, mikutano ya wazazi, jibu langu ni Canon. Mawe yanapatikana, kadi inapatikana, waya unaazimwa. Kijana yeyote anaweza kuendelea nayo mimi nikiondoka.

Sony tusiiuze. Iwe ya mafunzo, ya kuonyesha jinsi kitu kizuri kinavyoweza kukosa wenzake. Na msifute kumbukumbu yake ya ndani. Kwenye menyu yake neno Format likitokea, toka hapo.

Na simu je? Simu inapiga picha nzuri kuliko zote mbili, sibishi. Lakini ndugu zetu waliotoka Sudan Kusini mwaka 2013 na 2016 wengi walikuwa na picha kwenye simu, na simu ikanyang'anywa njiani, ikauzwa kwa ajili ya chakula, au ikafa na neno la siri. Mama yangu ana picha moja tu ya mwaka 2008, imeoshwa kwenye karatasi na mpiga picha wa Tororo, pembe moja imekunjika. Hatujui kamera gani iliipiga. Hiyo karatasi haijawahi kuhitaji chaji.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, kila mkichukua kamera ya kikundi, angalieni tarehe na saa kabla ya picha ya kwanza. Ni nusu dakika. Mkibadilisha betri, angalieni tena.

Pili, baada ya kila shughuli, chagueni angalau picha tano zioshwe kwenye karatasi, na nyuma yake mwandike kwa kalamu: siku, mahali, na majina ya waliokubali kuandikwa.

Tatu, mwulizeni mtu kabla hamjampiga, na mwambieni picha inakwenda wapi. Ninyi wa mashirika, mkipiga picha zetu kwa ajili ya ripoti, tunaomba nakala irudi. Mimi nilipigwa picha nyingi nikiwa mtoto, na hakuna hata moja niliyoiona baadaye. Wapo watu wengi hapa ambao utoto wao uko kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Nne, nendeni nyumbani mkatafute. Kwenye sanduku la nguo, kwenye mkoba wa bibi, kwenye kopo la vifungo, kunaweza kuwa na kadi ndogo nyeusi au ya buluu isiyo na kazi. Msiifute wala kuipa mtoto achezee. Kama ni SD, leteni tuisome. Kama ni Memory Stick Duo, leteni pia, sasa tunayo kamera ya kuisomea. Kadi za zamani hazidumu milele, na watu wanaoweza kututajia nani ni nani kwenye picha za Mulanda wanazeeka. Jumamosi mchana tutakuwa ukumbini na laptopu, na zile picha kumi na moja zitakuwa mezani kwa yeyote aliyepita Busia au Malaba mwaka ule.